Neno "Pole" Tunalojinyima Wenyewe

Kila Januari, chumba changu cha ushauri nasaha hapa Moshi hujaa watu waliokwisha kusherehekea. Desemba ndugu wamepanda nyumbani kutoka Dar es Salaam na Mwanza, mbuzi wamechinjwa, michango imetolewa. Kisha mwezi unageuka na ada za shule za bweni, sare na marejesho ya mikopo vinabisha hodi kwa siku moja. Sehemu kubwa ya kazi yangu katika majuma hayo ni kuwasaidia watu kutenganisha mzigo wenyewe na ule wanaojiongezea juu yake.

Mama mmoja anayeuza ndizi na parachichi, ambaye nimebadilisha mambo yanayoweza kumtambulisha, alikuwa na mkopo wa aina ile ambayo watu wameipa jina la "kausha damu". Alinieleza kwamba simu ya mkopeshaji inapoita, hata kabla hajaitazama vizuri, vidole vinamwingia ganzi na tumbo linamkaza, na mara nyingi humpa mtoto wake simu ili aseme mama ametoka. Hata hivyo, kilichomkosesha usingizi zaidi ilikuwa sauti yake mwenyewe baada ya simu kunyamaza: mjinga wewe, ulikopa ya nini, wenzako wanajenga. Nilimwuliza angemwambia nini jirani yake wa meza ya pili kama angefika analia kwa shida hiyohiyo. Alijibu bila kufikiri: "Ningempa pole. Ningemkalisha kwanza, nimpe maji."

Sisi tunaozungumza Kiswahili tunampa pole aliyejikwaa, aliyefiwa, hata aliyetoka safari ndefu bila tatizo lolote, na bado ni nadra kumkuta mtu anayejipa neno hilo mwenyewe.

Ili kuelewa kwa nini jambo hili dogo lina uzito, yafaa kujua kinachotendeka mwilini. Ubongo unapohisi tishio, huamuru tezi zilizo juu ya figo kumwaga adrenalini, na baadaye kidogo kotisoli. Moyo huenda mbio, misuli hukaza, na damu huelekezwa mahali ambapo ingehitajika kama mtu angelazimika kukimbia au kupigana. Mpango huo unamfaa mtu aliyekutana na nyoka shambani, kwa kuwa nyoka huondoka na mwili ukatulia. Deni haliondoki jioni, na maneno makali tunayojisemea hupokelewa na mwili kama tishio jingine, kwa hiyo anayejikaripia usiku kucha huwa anajipigia kengele ya hatari mwenyewe.

Zoezi la kwanza ninalofundisha linatokana na umakinifu, yaani kuitazama hali iliyopo sasa hivi bila kuihukumu. Jon Kabat-Zinn aliliingiza somo hili hospitalini mwaka 1979 huko Massachusetts, Marekani, kwa mafunzo, ambayo leo huchukua majuma 8, yaliyolenga hasa wagonjwa wenye maumivu ya kudumu. Mimi sina majuma 8 ya muuza ndizi, basi huanza na dakika 3. Weka simu chini. Sikia nyayo zako zinavyogusa ardhi. Taja kimoyomoyo kilichopo: hii ni hofu, ipo kifuani. Kisha vuta pumzi taratibu kwa hesabu ya 4 na uitoe kwa hesabu ya 6, jambo linalofanya pumzi ziwe kama 6 kwa dakika. Kutoa pumzi kwa muda mrefu kuliko kuivuta kuna sababu yake: mapigo ya moyo hupungua kidogo kila tunapotoa pumzi, kwa kazi ya mshipa wa fahamu unaoshuka kutoka kwenye ubongo hadi kifuani na tumboni. Mawazo yatakimbia, na hilo si kosa. Ukigundua yamekimbia, umekwisha kulifanya zoezi, rudi tu kwenye nyayo.

Wapo wanaoniuliza kama hii si dini ya kigeni inayoingizwa kwa mlango wa nyuma. Swali ni la haki, kwa sababu Kabat-Zinn alijifunza mengi kutoka kwa Wabudha kabla ya kuyaunda upya bila ibada yoyote. Jibu langu ni kwamba pumzi haina dhehebu, na baadhi ya wateja wangu, Walutheri, Wakatoliki na Waislamu, huketi hivyo kwa dakika chache kabla ya kusali na husema sala yenyewe inapata utulivu.

Zoezi la pili ndilo la kujipa pole. Kristin Neff, mwanasaikolojia wa Marekani aliyechapisha maelezo yake mwaka 2003, aliona mambo matatu ndani yake: kutambua kwamba unaumia, kukumbuka kwamba kuumia ni sehemu ya ubinadamu wala hukutengwa peke yako, na kujitendea kwa upole. Weka kiganja kifuani na useme kwa maneno yako, hata kwa Kichaga kama ndiyo lugha uliyobembelezwa nayo: hili linauma, wengi wanapita hapa, pole, tufanye nini sasa?

Wanaume hasa hulipinga zoezi hili. Wamelelewa kwa neno "jikaze", nao wanaogopa kwamba upole utawalegeza. Nadhani lugha imechangia, kwa kuwa "kujionea huruma" kwetu ni kukaa chini na kulalamika, nami nisingependa kumfundisha mtu hilo. Lakini mwaka 2012 Juliana Breines na Serena Chen wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walionyesha kwamba wanafunzi walioelekezwa kujichukulia kwa upole baada ya kufanya vibaya katika mtihani walitumia muda mrefu zaidi kujisomea kwa ajili ya jaribio lililofuata. Anayejitukana huishia kulikimbia daftari lenyewe, kama mama yule alivyoikimbia simu.

Mazoezi haya yana mipaka. Mtu aliyewahi kutendewa ukatili anaweza kuzidiwa na hofu akifumba macho na kufuatilia pumzi. Huyo nafuu aache macho wazi na asikilize sauti za nje, kuku au bodaboda zinazopita. Na anayekosa usingizi au hamu ya maisha kwa majuma mawili mfululizo, au anayewaza kujidhuru, asijitibu kwa makala. Aende hospitali, iwe Mawenzi, KCMC au iliyo karibu naye, na kwa mwenye mawazo ya kujidhuru safari hiyo ni ya leo.

Mama wa parachichi alirudi baada ya mwezi. Deni lilikuwa bado lipo, riba yake ikiwa ileile ya kuumiza, ila alikuwa amempigia mkopeshaji mwenyewe, sauti ikimtetemeka, na kukubaliana kiasi anachoweza kulipa kwa juma. Alicheka alipoeleza kwamba mwanawe amemwuliza kwa nini siku hizi hatumwi tena kusema mama ametoka.