Akiondoka mkutubi, si yeyote anayeweza kukaa kitini pake

Wengi wanaamini kwamba mkutubi wa chuo kikuu akistaafu, mtumishi yeyote kutoka ofisi nyingine anaweza kushika nafasi yake, maana kazi ni kugonga muhuri na kupanga vitabu. Imani hiyo inaeleweka: kaunta ndiyo sehemu tunayoiona.

Chukua kitabu cha sarufi ya Kiswahili katika maktaba inayotumia mfumo wa desimali wa Dewey, yaani wa kupanga vitabu kwa namba kufuata mada, uliochapishwa kwanza mwaka 1876. Mgongoni kina namba inayoanza na 496.392. Riwaya ya Kiswahili huenda 896.392, rafu za mbali kabisa. Kuna mtu aliyekifungua, akakipitia, akaamua. Akikosea tarakimu moja, kitabu kipo lakini hakipatikani, na kwangu huko ni kupotea. Kuna pia majarida ya mtandaoni na hifadhi ya tasnifu. Ujuzi huo haukabidhiwi pamoja na funguo. Anayeingia anahitaji muda wa kufanya kazi bega kwa bega na anayeondoka.

Unaweza kujihakikishia. Soma tangazo lolote la kazi ya mkutubi wa chuo, uangalie sifa zinazotakiwa. Kisha nenda kaunta na mada ya utafiti wako, uombe usaidiwe kutafuta makala.