Je, wajua kwa nini mashairi ya vita huimbwa ndani ya misa ya wafu?

Mwanakwaya yeyote wa Tabora aliyewahi kuimba msibani anaijua sala hii: "Raha ya milele uwape ee Bwana, na mwanga wa milele uwaangazie." Sasa kwaya iimbe sala hiyo kwa Kilatini, halafu mwanamume mmoja adakie kwa Kiingereza: hawa wanaokufa kama ng'ombe, nani atawapigia kengele?

Ndivyo ilivyo War Requiem, yaani misa ya wafu wa vita, ya mtunzi Mwingereza Benjamin Britten. Iliimbwa mara ya kwanza tarehe 30 Mei 1962 katika kanisa kuu jipya la Coventry, Uingereza. Lile la zamani liliteketezwa na mabomu ya Wajerumani Novemba 1940. Mashairi ni ya Wilfred Owen, ofisa wa jeshi aliyeuawa Ufaransa tarehe 4 Novemba 1918 akiwa na miaka 25. Wiki moja baadaye Vita vya Kwanza vya Dunia vikasimama.

Mbona yasisomwe tu mbele ya mnara wa kumbukumbu? Kwa sababu msomaji hutamka neno moja kwa wakati mmoja, ilhali muziki unaziacha sala na lawama zisikike pamoja. Sikiliza sehemu ya matoleo. Kwaya inaimba ahadi ya Mungu kwa Ibrahimu na uzao wake. Papo hapo waimbaji wawili wanasimulia habari ya Isaka, ila Owen ameipindua: malaika anaita, anamwonyesha mzee kondoo dume, mzee anakataa, anamchinja mwanawe, na nusu ya uzao wa Ulaya, mmoja mmoja. Wakati maneno hayo yanarudiwa, watoto kwa mbali wanaendelea kuimba sala ya sadaka. Hakuna hotuba ya kumbukumbu inayouma kiasi hicho.

Wanaosoma sol-fa (do, re, mi) jaribuni hili: mmoja ashike do, mwingine fe, yaani fa iliyopandishwa nusu. Hazipatani. Kengele na kwaya zinang'ang'ania sauti hizo mbili tangu mwanzo, na sikio linabaki linangoja zitue.

Katika shairi la mwisho askari anakutana kuzimu na adui aliyeuawa na askari huyohuyo. Siku ile ya Coventry waliliimba Peter Pears, Mwingereza, na Dietrich Fischer-Dieskau, Mjerumani. Galina Vishnevskaya wa Urusi alikuwa awe mwimbaji wa tatu wa misa hiyo, lakini serikali ya Kisovieti ilimzuia. Heather Harper akashika nafasi yake.

Tabora nayo ina wafu wake. Tarehe 19 Septemba 1916 jeshi la Wabelgiji kutoka Kongo liliuteka mji huu mikononi mwa Wajerumani. Askari wengi wa pande zote mbili walikuwa Waafrika, na nyuma yao walikuwa wapagazi, waliouawa zaidi na njaa na maradhi kuliko risasi. Wanyamwezi walikuwa na nyimbo za safari za misafara tangu zamani. Natamani mtunzi mmoja wa kwaya wa hapa azichukue aziweke ndani ya misa ya wafu, na wapagazi wawili, wa Mjerumani na wa Mbelgiji, wapewe sauti za tena (tenor) na besi.