Faibaglasi na rezini wakati wa baridi: maswali na majibu

Nipo Uyole, Mbeya, naziba bampa ya gari nyumbani. Mwezi huu wa Saba rezini, ile gundi ya maji inayoshika faibaglasi, inabaki inanata. Niongeze hadena, yaani kemikali ya kuigandisha?

Usiongeze kwa kukisia. Rezini ya poliesta huhitaji hadena asilimia 1 hadi 2: gramu 500 za rezini, mililita 5 hadi 10, zipimwe kwa sirinji. Ukizidisha, mchanganyiko uliobaki kwenye kopo hupata joto, hufuka moshi, na unaweza kuwaka. Tatizo lako ni baridi. Chini ya nyuzi joto 15 za Selsiasi rezini hukauka kwa shida. Fanya kazi saa sita hadi saa tisa mchana, jua likiwa limechangamka. Kabla ya kutia hadena, kopo la rezini likiwa limefungwa, liweke kwenye beseni la maji ya uvuguvugu. Changanya kidogo kidogo, na mabaki yamwage nje, yatandae juu ya mchanga.

Tukifunga madirisha na kuwasha jiko la mkaa?

Hapana kabisa. Mvuke wa rezini ni mzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni hadi kwenye moto na kuwaka. Jiko lenyewe nalo hutoa gesi isiyo na harufu inayoua watu usingizini kila msimu wa baridi. Kazi hii ni ya uani.

Barakoa ya kitambaa inatosha?

Haizuii mvuke. Tafuta ya mpira yenye katriji (vichujio) za mvuke wa kemikali. Usiitegemee pua, maana huzoea harufu upesi. Kichwa kikiuma au ukihisi kizunguzungu, toka.

Hadena ikiruka jichoni?

Hapa ndipo watu hupofuka. Osha palepale kwa maji safi yanayotiririka, kope zikiwa wazi, dakika zisizopungua 15. Usisubiri bodaboda, osha kwanza, kisha nenda hospitali na chupa ya hadena mkononi. Kwa kuwa maji hukatika, weka ndoo ya lita 20 yenye koki karibu kabla hujaanza, na vaa miwani inayofunika pembeni.

Mikono inawasha usiku kucha.

Ni vipande vya nyuzi za kioo. Usijikune. Bandika selotepu na uibandue, kisha osha kwa maji baridi na sabuni. Piga msasa ukiwa umeloweshwa maji ili vumbi lisiruke, na nguo za kazi zifuliwe peke yake, mbali na nepi za mtoto.