Badiliko "dogo" lililomshinda mkubwa wa kampuni

Mkubwa mmoja wa kampuni ya madini hapa Lubumbashi aliniuliza: "Hii programu ya vipuri ni kitu kidogo tu, mbona watu wanaikwepa?" Nikamwomba twende depo kwanza.

Tulimkuta mzee mtunza depo na kaye yake, yaani daftari lake, kona zimeloa grisi. Fundi alikuja kutafuta beringi ya pampu. Kompyuta ilisema ziko mbili. Mzee akafungua kaye: "Iko moja, mwanangu. Ile nyingine ilipata kutu tangu mvua." Tukaenda kwenye rafu. Ilikuwa moja.

Makao makuu, huko ng'ambo, yaliona karatasi inaondoka na kompyuta inaingia, basi. Mzee aliona ananyang'anywa kile kinachofanya apigiwe simu usiku wa manane mtambo ukisimama. Mimi siku hizi sipimi badiliko kwa bajeti yake. Nauliza nani atapoteza ujuzi, cheo au heshima.

Marekebisho ya hatua kwa hatua, yale Wajapani wanayaita kaizen, huanzia kwa anayeshika kazi. Kiwandani Toyota mfanyakazi akiona kasoro huvuta kamba au hubonyeza kitufe, na mstari wa kuunda magari unaweza kusimama. Ukikosea, unarudi nyuma bila hasara kubwa. Mageuzi yanayogusa muundo, yaani nani anaamua na nani anabaki, hayana kurudi nyuma kwa urahisi, kwa hiyo mkubwa mwenyewe lazima asimame mbele ya watu aseme nini kinakufa. Kutuma barua pepe hakutoshi.

Na katika mji huu watu wana kumbukumbu. Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, ilitoa zaidi ya tani 450,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980. Kufikia 1994 hazikufika 50,000. Mwaka 2003 ukaanza mpango wa kuondoka "kwa hiari", ukisaidiwa na Benki ya Dunia, na wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakatoka. Tangu hapo, ukitamka "mageuzi" mbele ya watu wa migodi, wanasikia "utarudi nyumbani". (Washauri wanaoshuka na ndege Jumatatu na kuondoka Ijumaa hawalijui hili, na picha zao za mishale ukutani haziwasaidii.)

Basi depo tulifanya nini? Tuliondoa neno "dogo" kwenye tangazo. Mkubwa alikuja mwenyewe, akasema wazi kwamba hakuna anayefukuzwa kwa sababu ya programu, na akaweka sahihi. Kijana wa kompyuta aliketi kando ya mzee, wakahesabu rafu moja moja. Kila tofauti, kaye ilisikilizwa kwanza.

Makao makuu yalitaka kazi iishe kwa miezi miwili. Niliomba mitano, nikapewa mitatu. Mzee sasa anaingiza vipuri kwenye kompyuta kwa kidole kimoja. Kaye bado iko mfukoni mwake, na sijamwomba aitoe.