Kozi ya mada maalumu si kozi ya kujazia ratiba

Ujumbe umekuja tena, safari hii kutoka kwa mzazi wa Mwanza: "Mwalimu, habari za huko. Nimeona kwenye usajili wa kijana wangu kuna kozi ya mada maalumu. Ada yote hii, halafu anasomeshwa kitu cha kujazia ratiba?" Swali hili nimeshawajibu wazazi, nimewajibu wanafunzi wenyewe, na nimemjibu mwenzangu wa idara ya kemia ambaye alipaswa kulijua jibu kabla yangu. Naliandika hapa ili siku nyingine nitume kiungo tu, nikalale.

Ya msingi nayapitia haraka. Nazungumzia vyuo vya elimu huria vya Marekani, vile vidogo vinavyojikita katika shahada ya kwanza: Williams, Amherst, Swarthmore, Grinnell, Carleton na wenzao. (Si Chuo Kikuu Huria cha pale Kinondoni, na hilo huulizwa.) Kozi za kudumu zimo kwenye katalogi, zimepita kwenye kamati ya mitaala, na zinarudi mwaka hadi mwaka. Kwa mada maalumu, idara huwa na nambari tupu, tuseme 299 au 399, na mwalimu huiomba kwa muhula mmoja afundishe somo ambalo halijapata pa kukaa.

Nambari hiyo ni chumba cha wageni. Muhula huu kalala humo mtu na semina ya kusoma nyaraka za mahakama, muhula ujao kaingia mwingine na historia ya vyakula. Kwa hiyo ukisikia "399 ni laini", uliza: ya nani, na ya muhula gani? Wanafunzi wawili wenye 399 kwenye transkripti zao huenda hawajawahi kusoma hata ukurasa mmoja unaofanana. Ndiyo maana vyuo vingi humruhusu mwanafunzi achukue nambari ileile mara mbili na apate krediti zote mbili, mradi mada ni tofauti. Hilo si ujanja wa wanafunzi wavivu. Ni kozi mbili.

Nichukue ninayofundisha mimi, maana ndiyo ninayoijua kwa undani. Mwaka 1833 Marekani ilitiliana saini mkataba wa biashara na Sayyid Said, mtawala wa Oman na Unguja. Mwaka 1837 konseli wa kwanza wa Marekani, Richard Waters, mfanyabiashara wa Salem, Massachusetts, alifika Unguja. Pamba iliyofumwa kwenye viwanda vya Massachusetts ilishuka forodhani Unguja ikapanda na misafara ya wapagazi wa Kinyamwezi hadi bara, ndiyo ile merikani. Sandarusi, yaani utomvu mkavu wa miti, ilikwenda Salem kusafishwa iwe vanishi. Pembe za ndovu ziliishia Deep River na Ivoryton, vijiji vya Connecticut, zikachongwa vibao vya piano za sebuleni. Katikati ya yote kulikuwa na mikopo, na kwenye mikopo hukwepi jina la Jairam Shivji, aliyekodi kwa Sayyid Said haki ya kukusanya ushuru wa forodha ya Unguja na ambaye Waters alijikuta lazima aelewane naye. Mwaka 1840 jahazi la Sayyid Said, Sultana, lilitia nanga New York, likiongozwa na mjumbe wake Ahmad bin Na'aman.

Sasa niambie, hiyo naiweka wapi? Historia ya Afrika I inaishia kabla haijafika huko. Historia ya Marekani haina habari na Unguja. Wachumi wanasema ni historia, wa dini wanasema ni uchumi. Nikitaka iwe kozi ya kudumu naijazia kamati fomu, nasubiri, naulizwa inatimiza sharti gani la somo kuu, naijaza upya. Kwa nambari tupu naifundisha muhula ujao, nyaraka zikiwa bado za moto kichwani mwangu. Na wanafunzi wa chuo kilicho mwendo wa saa mbili kwa gari kutoka Salem wanagundua kwamba piano ya ukumbi wa chuo huenda ina uhusiano na Tabora. Laini? Waulize waliowahi kuhangaika na mwandiko wa karani wa karne ya 19 usiku wa manane.

Mkanganyiko mwingine unatoka kwa masomo mengine yanayofananishwa na mada maalumu. Williams ina masomo ya Januari, ambapo mwanafunzi husoma jambo moja tu mwezi mzima, na mojawapo ya alama zake, kwa tafsiri, ni "amefaulu kwa kujivuta". Oberlin, chuo kingine cha namna hii, ina chuo chake cha majaribio tangu 1968, ambako wanafunzi wenyewe hufundishana. Yote mawili nayapenda, lakini si mada maalumu. Kozi yangu ina alama za A hadi F, ina tasnifu ndogo ya mwisho, na inahesabika kwenye somo kuu kama nyingine.

Tena mambo mengi yanayoonekana leo kuwa ya kudumu yalipita mlango wa namna hii. Pale San Francisco State, ambacho si chuo cha elimu huria bali taasisi kubwa ya umma, masomo ya Wamarekani Weusi yalifundishwa kwenye chuo cha majaribio kabla ya mgomo wa wanafunzi wa 1968 hadi 1969 kuulazimisha uongozi kuyapa kitengo chake. Mawimbi hayohayo ndiyo yaliyokisukuma Kiswahili kwenye madarasa mengi ya Marekani. Anayebeza kozi zisizo na nambari zao wenyewe akumbuke hilo.

Sasa mashaka yangu, maana sitaki mtu adhani nauza bidhaa.

Kozi hizi mara nyingi hubebwa na wahadhiri wageni wenye mkataba wa mwaka mmoja. Wanaleta utafiti mbichi kabisa, mwaka ukiisha wanaondoka nao, na mwanafunzi aliyeshika moto anabaki hana wa kumuendeleza. Hilo linaniudhi kuliko ujumbe wa wazazi wote.

Halafu majina. Kozi isiyopata watu inafutwa, basi tunatia chumvi. Weka "maharamia" kwenye kichwa, darasa linajaa. Weka "biashara ya baharini", wanakuja watano, na orodha ya kusoma ni ileile. Sijui kama huo ni udanganyifu au ni ukarimu. Na idara isiyo na mwalimu wa takwimu inaweza kuficha pengo lake kwa mada tatu za kuvutia, na katalogi ikaonekana imenona.

Sina pia ushahidi kwamba mtu anayesoma bandari moja kwa kina anatoka akijua zaidi ya aliyepitishwa bara zima kwa wiki kumi na tatu. Naamini hivyo. Kuamini si kuthibitisha.

Vyuo vingi huweka kikomo: ukishaifundisha mara moja au mbili, ipeleke kamati au iache. Yangu imefika hapo na nasitasita. Ikishapewa nambari yake, itanibidi niifundishe hata mwaka ambao sina jipya la kusema.

Kwa mzazi wa Mwanza: mwambie kijana atunze silabasi, kwa sababu transkripti mara nyingi hukata jina la kozi katikati na siku ya kuomba shahada ya uzamili atahitaji kuonyesha alisoma nini. Kisha muulize nani anafundisha, wanasoma nini, wanaandika kurasa ngapi, na kama inahesabika kwenye somo kuu. Ikiwa jibu ni filamu tatu na kuandika hisia zake kila Ijumaa, aiache kabla dirisha la kubadilisha kozi halijafungwa.