Eti staa anauza kwa sababu ya jina tu? Haya tuongee ukweli

Kila msanii akizindua bidhaa lazima utasikia "huyu ana jina bana, hata akiuza mchanga watu watanunua". Sio kweli kabisa, na tatizo la hiyo kauli ni kwamba inawapoteza wafanyabiashara wadogo, mmoja anakata tamaa kwa sababu yeye sio maarufu, mwingine anachukua mtaji wote anampa influensa wa posti mbili akijua kashanunua soko.

Dhana: Jina kubwa linauza chochote

Mtazame Rihanna. Septemba 2017 katoa Fenty Beauty, faundesheni shedi 40 kwa mpigo. Kipindi hicho dada mweusi akiingia duka la vipodozi anapaka mkononi shedi ya mwisho kabisa iliyopo na bado inamkataa, akipaka usoni anatoka kijivu kama kamwagiwa jivu, kwa hiyo wengi walikuwa wananunua chupa mbili wanachanganya wenyewe nyumbani. Rihanna kaja na shedi zao, na zile za giza ndo zikaanza kuisha madukani, zile ambazo kampuni nyingi zilikuwa zinaona hazina wateja.

Sasa sikia hii. Rihanna huyo huyo, na LVMH hao hao, kampuni kubwa ya Ufaransa ya bidhaa za kifahari, walioshirikiana naye kwenye vipodozi, mwaka 2019 wakafungua nyumba ya mitindo Paris, nguo za bei kali, na Februari 2021 wakasimamisha. Jina lilikuwa lile lile, hela zilikuwepo, mashabiki walikuwepo! Ndio, korona nayo ilichangia, ila kwa mtazamo wangu kwenye nguo hakukuwa na mtu aliyekuwa anakosa kitu, matajiri wana pa kununua tayari, na shabiki wake wa kawaida hakuwa na uwezo wa kununua gauni la mamia ya dola. Mwaka huo huo 2021 Forbes wakamtangaza bilionea, na sehemu kubwa ya utajiri ilitoka kwenye vipodozi, albamu yenyewe hakuwa ametoa tangu 2016. Mwaka 2022 Fenty Beauty ikaanza kuuzwa rasmi nchi kadhaa za Afrika, Kenya ikiwemo, sisi Tanzania hatukuwemo lakini hiyo ni mada nyingine.

Kwa hiyo wewe mwenye duka la nguo au saluni, kabla hujawaza utajulikanaje, jiulize nani hapo mtaani kwako anazunguka anatafuta kitu na hakipati.

Dhana: Kiki ndo biashara

Hii Bongo tunaipenda sana. Watu wanamuona Diamond Platnumz wanakumbuka mabifu na mahusiano, wanasahau kwamba jamaa alijenga lebo, akaja na Wasafi TV na Wasafi FM, yaani nyimbo za lebo yake hazisubiri huruma ya mtangazaji wa redio nyingine. Mwaka 2017 alitoa manukato, mwaka huo huo akatoa na karanga. Karanga! Wapo waliocheka, ila shabiki aliyekaa kituoni anasubiri daladala manukato hawezi kununua, karanga anaweza.

Kiki inaleta watu mlangoni, basi. Wakishafika wanakuta nini? Mtu anaposti kila siku, kagombana na fulani, kajirekodi analia, halafu mteja akiuliza bei anajibiwa "njoo inbox", akienda inbox anakaa siku mbili bila jibu, akijibiwa anaambiwa saizi imeisha. Hapo hata ukitrendi mwezi mzima hutoboi.

Dhana: Nimetengeneza mimi, kwa hiyo ni mali yangu

Muulize Taylor Swift. Alisaini lebo akiwa na miaka 15, akafanya albamu sita, na Juni 2019 ile lebo ikauzwa pamoja na rekodi zake zote, kwa sababu kwenye karatasi hazikuwa zake. Kilichomwokoa ni kwamba alikuwa mtunzi wa nyimbo na haki za utunzi, yaani mashairi na melodi, alibaki nazo, kwa hiyo kuanzia 2021 akawa anarekodi upya albamu za zamani, kafanya nne, mashabiki wakahamia kwenye matoleo mapya. Rekodi za mwanzo alikuja kuzinunua 2025. Huku kwetu Harmonize alipotoka WCB, lebo ya Diamond, alisema mwenyewe hadharani kwamba alilipa hela ndefu ili awe huru. Mikataba hiyo, tunasaini kwa furaha na picha juu.

Na usidhani haya ni ya wanamuziki tu. Wengi wanasajili jina la biashara BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, wanatulia, kumbe jina la biashara na alama ya biashara (trademark) ni usajili tofauti, vyote vinafanyika BRELA lakini kimoja hakibebi kingine, na anayelinda brandi ni alama. Halafu usajili wa bara hauvuki maji, Zanzibar wana wakala wao, ukiuza kote sajili kote. Hapo bado sijagusa ile akaunti ya Instagram yenye wateja wako wote, ambayo ilifunguliwa na binamu kwa namba yake ya simu na paswedi anayo yeye. Kabadilishe leo kabla hamjagombana.