.280 ilikosea nini?

Mwindaji bingwa mmoja tunayefahamiana miaka mingi alinipigia simu akiwa uwanja wa ndege wa Kilimanjaro. "Shikamoo fundi. Huna .280 yoyote hapo karakana? Hata boksi moja." Mgeni wake alikuwa ameshatua na bunduki yake imefika salama, ila risasi zimebaki njiani na ndege nyingine. Nikamwambia .375 atapata, .30-06 atapata, hata .458 pengine. Hiyo .280 asahau. (Namba hizi ni majina ya risasi, yanayofuata takriban unene wake kwa inchi.) Mgeni alianza safari kwa bunduki ya kuazima, kanuna.

Kilichonikera ni kwamba hiyo aliyoikosa si risasi mbovu hata kidogo. Kwa swala pala, kongoni, hata pofu akipigwa pazuri, .280 Remington haina deni kwa .270 Winchester inayojulikana dunia nzima. Mimi binafsi naiona imeizidi kidogo, kwa kuwa inabeba vichwa vizito zaidi, yaani ile sehemu ya risasi inayoruka.

Nina kopo la maganda matupu juu ya meza yangu ya kazi. Toa la .270 na la .280, yasimamishe pamoja: utadhani pacha. Yote yametokana na ganda la .30-06, risasi ya jeshi la Marekani ya mwaka 1906. Tofauti iko begani, pale ganda linapoanza kukonda kuelekea shingoni. Bega la .280 limesogezwa mbele inchi 0.050, yaani milimita moja na robo hivi. Limesogezwa kwa makusudi, ili mtu asiisukumie kwenye chemba (sehemu ya mtutu inayokaa risasi) ya .270 kwa bahati mbaya. Kichwa cha .280 kina unene wa inchi .284, cha .270 ni .277, na kulazimisha kinene kipite kwenye mtutu mwembamba ni kujitafutia jeneza.

Sasa angalia mkosi wake. .270 ilitoka mwaka 1925, na mwandishi Jack O'Connor akaisifu kwenye jarida la Outdoor Life kwa miongo kadhaa. .280 ikaja mwaka 1957. Kufikia hapo, Mmarekani aliyetaka risasi ya namna hiyo alikuwa nayo kabatini, tena ya baba yake. Remington, kampuni iliyoitengeneza, nao wakaizindua ndani ya bunduki yao ya 740, inayojipakia yenyewe. Bunduki za aina hiyo hazipendi presha kubwa, kwa hiyo risasi za dukani zikapimiwa presha ya chini: pauni 60,000 kwa inchi ya mraba, wakati .270 inaruhusiwa 65,000. Mnunuzi akisoma jedwali la kasi kwenye katalogi anaona hazijapishana kitu. Abadilishe bunduki kwa lipi?

Halafu mwaka 1962 kampuni ileile ikatoa 7mm Remington Magnum pamoja na bunduki mpya ya 700. Unene wa kichwa ni uleule, ganda kubwa zaidi, na neno "Magnum" limechongwa kwenye mtutu. Mzazi alimfunika mwanawe mwenyewe.

Mwaka 1979 wakajaribu kuifufua kwa kuibadilisha jina iwe 7mm Express Remington. Hapo ndipo walipoharibu kabisa. Watu waliichanganya na 7mm Magnum, na risasi isiyo yake ndani ya chemba si jambo la mzaha. Haikuchukua muda, mwaka 1981 jina la .280 likarudishwa. Nimeona bidhaa nyingi zikiuawa na bei. Hii iliuliwa na jina, mara mbili.

Remington walikuwa wameshajikwaa hivyohivyo mwaka 1955 kwa .244. Mwaka huohuo wapinzani wao Winchester walitoa .243, kichwa chenye unene uleule. Tofauti ilikuwa michirizi ya ndani ya mtutu, ile inayoizungusha risasi. Ya Winchester ilizunguka mara moja kila inchi 10, ikatuliza vichwa vya greni 100 (greni 15 ni kama gramu moja). Ya Remington ilizunguka kila inchi 12, ikafaa vichwa vya hadi greni 90, vya kupigia wanyama wadogo. Mkulima wa kule alitaka bunduki moja, imuue mbweha leo na paa kesho, akaenda kwa Winchester. Remington walirekebisha mtutu na mwaka 1963 wakaiita 6mm Remington, lakini wateja walishahama.

Na msidhani ni ugonjwa wa Marekani tu. Mwaka 1907 Waingereza walipiga marufuku kaliba (unene wa mtutu) ya .450 kule India na Sudan, wakihofia risasi zake ziishie kwenye bunduki za zamani za kijeshi za Martini-Henry. Risasi ya kaliba hiyo, .450 Nitro Express, ilikuwa ikiangusha tembo bila matatizo. Mafundi wa Uingereza wakakimbilia .465, .470 na nyinginezo, na hadi leo ukikutana na bunduki ya mitutu miwili huku kwetu, ina uwezekano mkubwa wa kuwa .470.

Vivyo hivyo kwa .416 Rigby ya mwaka 1911. Ni risasi ya nyati ambayo mfano wake nimeuona mara chache, lakini ganda lake ni pana, linahitaji bunduki kubwa ya gharama, na kwa miaka mingi ilikuwa mali ya nyumba moja ya London. .375 ya Holland & Holland, iliyokuja mwaka mmoja baadaye, iliachiwa wengine waitengeneze, Winchester wakaiweka kwenye bunduki yao ya Model 70. Risasi za Kynoch, watengenezaji wa Uingereza, zilipokoma, wenye .416 walibaki na fimbo za bei mbaya mpaka Wamarekani walipoifufua mwishoni mwa miaka ya 1980. Ndiyo maana nikiulizwa "fundi, ninunue nini kwa nyati?", nasema .375 kabla hajamaliza sentensi. Sheria yetu inaanzia hapo kwa wanyama hatari, na boksi lake lipo.

Risasi za yule mgeni zilifika siku ya nne. Akapiga kongoni mmoja kwa risasi moja, mita 200 na ushee, na mwindaji wangu akaniletea ganda tupu kwa ajili ya kopo langu. Mgeni huyo anajaza risasi mwenyewe nyumbani kwake, kwenye maganda ya zamani. Niligeuza kitako chake kwenye mwanga kusoma maandishi. Limeandikwa 7mm Express.